Mchezaji akiondoka kabla ya mkataba kuisha, nani anabaki na mzigo?

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na Arusha imo katika mpango huo kwa uwanja wake mpya. Kwa vijana wanaocheza mpira Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, jambo hilo lina maana ya karibu zaidi kuliko kutazama mechi. Mpira ukipata macho mengi, wanaotafuta wachezaji nao huongezeka, na karatasi za kusaini pia.

Kijana anapoletewa mkataba, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: shilingi ngapi? Ni swali la haki, ila halitoshi. Mikataba miwili inaweza kuwa na jumla ileile ya fedha na bado mmoja ukamwacha mchezaji salama na mwingine ukamwacha mikono mitupu. Tofauti iko kwenye namna fedha zilivyopangwa, na kwenye kile kinachotokea mchezaji akiondoka, akiumia au akitundika daluga kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa.

Wapo waliolipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Tutaanza mbali kidogo, Marekani na Kanada, kisha turudi nyumbani.

Ligi iliyojiwekea ukomo wa mishahara

Hoki ya barafu huchezwa kwa viatu vyenye chuma cha kuteleza. Si ile hoki ya nyasi ambayo Tanzania iliwahi kuicheza kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ligi yake kubwa duniani inaitwa NHL na ina klabu 32, zote za Marekani na Kanada.

Msimu wa 2004/05 ligi hiyo haikuchezwa kabisa. Wenye klabu na chama cha wachezaji walishindwa kukubaliana juu ya mishahara, na msimu mzima ukafutwa. Waliporudi mezani walikubaliana kuweka ukomo: kila msimu, jumla ya mishahara ya wachezaji wa klabu moja isivuke kiwango fulani. Msimu wa 2005/06 kiwango kilikuwa dola milioni 39. Kimekuwa kikipanda pamoja na mapato ya ligi, na kwa msimu wa 2025/26 kilifika dola milioni 95.5.

Lengo lilikuwa klabu tajiri isinunue kila mchezaji mzuri, na klabu maskini isijiue kwa madeni. Lakini palikuwa na upenyo. Kiasi kilichohesabiwa kwenye ukomo hakikuwa fedha anazolipwa mchezaji mwaka huo. Kilikuwa wastani: jumla ya mkataba mzima ukigawanya kwa idadi ya miaka yake.

Wenye hesabu wakaliona hilo mapema. Kama kinachohesabiwa ni wastani, basi ongeza miaka ya mwisho yenye mshahara mdogo sana na wastani utashuka. Mchezaji analipwa fedha nyingi mwanzoni akiwa na nguvu, na miaka ile ya mwisho hakuna anayetegemea kwamba ataicheza. Atastaafu, na hesabu itafungwa hapo.

Mfano uliotikisa ligi ni wa Ilya Kovalchuk, mshambuliaji kutoka Urusi. Julai 2010 klabu ya New Jersey Devils ilimpa mkataba wa miaka 17 wenye thamani ya dola milioni 102. Wastani wake ulikuwa dola milioni 6 kwa mwaka. Ukiutazama ndani, dola milioni 95 zilikuwa za miaka 10 ya kwanza, na baadhi ya miaka hiyo angelipwa milioni 11.5. Miaka 5 ya mwisho angelipwa dola 550,000 tu kila mwaka, na mkataba ungeisha akiwa na umri wa miaka 44.

Ligi iliukataa, na msuluhishi akakubaliana na ligi. Klabu iliadhibiwa, na baadaye Kovalchuk akasaini mkataba mwingine wa miaka 15 na dola milioni 100. Hata huo haukufika mbali. Julai 2013 alitangaza kustaafu NHL, akaenda kucheza Urusi, akiacha miaka 12 na dola milioni 77 ambazo hazikulipwa.

Adhabu iliyomkuta asiyekuwepo

Mwaka huohuo wa 2013 ligi na chama cha wachezaji walisaini makubaliano mapya. Urefu wa mikataba uliwekewa mpaka: miaka 8 kwa mchezaji anayebaki kwenye klabu yake na miaka 7 kwa anayehamia nyingine. Mishahara nayo ikazuiwa kushuka ghafla kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Kwa mikataba mirefu iliyokwisha kusainiwa, liliwekwa sharti jingine: mchezaji akistaafu mapema, klabu iliyofaidi wastani mdogo italipia faida hiyo, kwa kupunguziwa nafasi kwenye ukomo wake.

Kipa Roberto Luongo ndiye anayeonyesha vizuri maana yake. Alisaini na Vancouver Canucks mwaka 2009 mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 64. Mwaka 2014 akauzwa Florida. Alipostaafu mwaka 2019, mzigo mkubwa haukuiangukia klabu aliyokuwa nayo. Vancouver, ambayo ilikuwa imeachana naye miaka 5 nyuma, ilikatwa takriban dola milioni 3 kila msimu kwa misimu 3. Fedha hizo hakulipwa mtu yeyote. Ilikuwa ni nafasi ya kusajili iliyopotea tu.

Huenda Vancouver walihisi kuonewa, kwa sababu sharti lilikuja baada ya mkataba kusainiwa. Lakini somo liko wazi. Ligi ile iligundua kwamba kustaafu si jambo la mchezaji peke yake. Ni tukio la kifedha, na lazima iandikwe mapema nani anabeba mzigo wake. Isipoandikwa, mwenye mwanasheria mzuri zaidi ndiye anayepona.

Kwetu hakuna ukomo, lakini mzigo upo

Ligi Kuu Tanzania Bara haina ukomo wa mishahara kama ule wa NHL. Klabu inalipa inavyoweza. Kinachowekewa idadi ni wachezaji wa kigeni, ambao klabu inaruhusiwa kusajili hadi 12. Ulaya wao wamechagua njia ya kati: kuanzia msimu wa 2025/26, klabu zinazoshiriki mashindano ya UEFA zinatakiwa zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato yao kwa mishahara ya wachezaji na makocha, usajili na mawakala.

Fedha kwenye ligi yetu zimeongezeka. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Fedha zikiongezeka, mikataba inakuwa mikubwa, na migogoro nayo inakua.

Kwa kawaida mkataba wa mchezaji hapa nchini una sehemu mbili: fedha za usajili, ambazo zinatakiwa kulipwa mwanzoni au kwa awamu, na mshahara wa kila mwezi. Uwiano wa sehemu hizi mbili ndio unaoamua mambo mengi baadaye.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa miaka 20 anaitwa na klabu mbili, na kila moja inampa mkataba wa miaka 3.

Klabu ya kwanza inasema: usajili shilingi milioni 20, mshahara shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 mshahara ni milioni 18, hivyo jumla ni milioni 38.

Klabu ya pili inasema: usajili shilingi milioni 2, mshahara shilingi milioni 1 kwa mwezi. Miezi 36 ni milioni 36, na jumla ni milioni 38 pia.

Jumla ni ileile. Sasa tuseme mkataba unavunjika baada ya miezi 18, kwa sababu yoyote ile. Kama klabu ya kwanza ililipa usajili wote mwanzoni, kijana ameshapokea milioni 29. Kwa klabu ya pili angekuwa amepokea milioni 20. Hapo mkataba wa kwanza unaonekana bora.

Lakini tuseme klabu ya kwanza ilitoa milioni 5 tu siku ya kusaini, ikaahidi kumalizia "mambo yakikaa sawa", na haikumalizia. Kijana amepokea milioni 14, na anadai milioni 15 bila karatasi inayosema zilipaswa kulipwa lini. Mkataba uliokuwa bora umegeuka kuwa wa hasara.

Kuna na hesabu ya tatu ambayo wengi hawaifanyi. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wakichangia kwa pamoja, na kwa kawaida hufuata mshahara wa mwezi. Kwa klabu ya kwanza mchango ni shilingi 100,000 kwa mwezi, sawa na milioni 3.6 kwa miaka 3. Kwa klabu ya pili ni 200,000 kwa mwezi, sawa na milioni 7.2. Akiba ya uzeeni imeongezeka mara mbili bila jumla ya mkataba kubadilika.

Sakata la Fei Toto

Desemba 2022 kiungo Feisal Salum, maarufu Fei Toto, aliitaarifu Yanga kwamba anavunja mkataba wake uliokuwa uishe Mei 2024. Aliingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112. Kwa maelezo yaliyotolewa hadharani wakati ule, milioni 100 zilikuwa za kurudisha fedha za usajili, na milioni 12 zilikuwa mshahara wa miezi 3. Yaani mshahara wake ulihesabiwa kuwa milioni 4 kwa mwezi.

Yanga ilizirudisha fedha hizo na kwenda TFF. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji iliamua kwamba Feisal bado ni mchezaji halali wa Yanga. Aliomba uamuzi huo upitiwe upya, akakataliwa. Kwa miezi kadhaa mmoja wa viungo bora nchini hakucheza mpira wa klabu.

Mapema Juni 2023 Yanga walialikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka viongozi wa klabu walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Azam FC ilitangaza kumsajili Feisal, baada ya klabu hizo mbili kuelewana.

Watu walibishana sana nani ana haki, na hatutaki kurudia ubishi huo. Tunataka kutazama hesabu. Kutoka Januari 2023 hadi Mei 2024 ilikuwa imebaki miezi 17. Kwa mshahara wa milioni 4, fedha zilizobaki kulipwa zilikuwa milioni 68. Kwa mchezaji, kurudisha alichopokea na kuongeza mishahara kidogo kulionekana kama kulipa deni na kuwa huru. Kwa klabu, mchezaji yule alikuwa na thamani sokoni ambayo haikuonekana popote kwenye mshahara wake.

Hapo ndipo mvutano ulipotokea. Pale mkataba usipotamka bei ya kuondoka kwa namna ambayo pande zote mbili zinaielewa sawasawa, kila upande unabaki na bei yake kichwani. Suala likafika hadi Ikulu, ilhali kwenye karatasi mistari michache tu ingeweza kulimaliza.

Sakata la Bernard Morrison, winga kutoka Ghana, lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 2020 alihamia Simba akitokea Yanga, na Yanga ikadai bado alikuwa na mkataba nayo. Shauri lilifika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambayo Novemba 2021 ilimpa Morrison ushindi. Kilichobishaniwa hapo hakikuwa fedha. Ilikuwa kama mkataba upo au haupo.

Kanuni zinasema nini

Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji hauzidi miaka 5, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu zaidi, na wa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka 3. Kwa hiyo ule ujanja wa miaka 17 ni mgumu zaidi kwenye soka.

Kanuni hizo zinasema pia kwamba klabu isipolipa mishahara ya miezi 2, mchezaji akaiandikia notisi ya angalau siku 15 na bado isilipe, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Kuondoka kimyakimya kabla ya kuandika notisi ni kosa linalowagharimu wengi. Aliyekuwa akidai anageuka kuwa anayedaiwa.

Na kustaafu si mlango wa kutorokea. Anayemaliza mkataba na kustaafu hubaki kwenye kumbukumbu za shirikisho la klabu yake ya mwisho kwa miezi 30.

Kwa miaka ya karibuni tumesikia mara kadhaa TFF ikitangaza kwamba FIFA imeifungia klabu fulani ya Ligi Kuu kusajili, hadi imlipe mchezaji au kocha. Wadai hao mara nyingi ni wageni, kwa kuwa madai yenye sura ya kimataifa ndiyo yanayokwenda FIFA. Madai ya Mtanzania dhidi ya klabu ya Tanzania huishia kwenye vyombo vya ndani. Kwa hiyo mzawa ana sababu kubwa zaidi ya kuwa na karatasi safi, maana huenda asipate FIFA wa kumsaidia kubana.

Akistaafu, anastaafu na nini?

Sheria ya NSSF inataka mwanachama awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, ndipo apate pensheni ya kila mwezi akifikisha umri wa kustaafu, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Mchezaji aliyeanza akiwa na miaka 19 na kumaliza na miaka 34 amecheza miaka 15 kamili. Mwezi mmoja tu usiochangiwa, au msimu mmoja bila klabu, unamwangusha chini ya mstari. Mzazi wa Tengeru anayemwambia mwanawe "mpira hauna pensheni" hajakosea sana, ila njia ipo: aliyeacha mpira akaingia kwenye kilimo au biashara anaweza kuendelea kuchangia mwenyewe hadi miezi itimie.

Kuna na wale wanaostaafishwa na ajali. Julai 2021 basi la timu ya Polisi Tanzania lilipata ajali mjini Moshi, na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Kwa mchezaji, miguu ndiyo jembe. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya wanaoumia kazini. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Taarifa ya ajali inatakiwa itolewe ndani ya miezi 12. Kama klabu haikumsajili mchezaji kama mwajiriwa wake, safari hiyo huwa ngumu.

Tufuate njia ipi?

Wapo wanaosema Tanzania nayo iweke ukomo wa mishahara ili klabu ndogo zipumue. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukomo wa NHL unafanya kazi kwa sababu kila mkataba unapelekwa ligi, unasomwa na unahesabiwa. Na hata hivyo walidanganywa miaka kadhaa. Kuweka ukomo kabla ya kuhakikisha kinacholipwa ndicho kilichoandikwa ni kujenga paa kabla ya ukuta.

Kwa maoni yetu, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi. TFF inapopokea mkataba kwa ajili ya usajili, iutake uonyeshe mambo manne: tarehe ya kila awamu ya fedha za usajili, bei ya kuvunja mkataba kwa kila upande, namba ya uanachama wa NSSF, na uthibitisho wa WCF. Mkataba usio na hayo usipite. Hilo halihitaji mabilioni.

Kwa sasa, familia yenye kijana anayeitwa kusaini inaweza kujilinda yenyewe.

Usisaini siku uliyoletewa. Omba nakala, kaa nayo, mpe mtu anayeelewa sheria aisome. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo kwa kazi ya namna hiyo.

Fedha za usajili ziwe na tarehe. "Baadaye" si tarehe.

Uliza kwa sauti: nikitaka kuondoka nalipa ngapi, na klabu ikiniacha inanilipa ngapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Tazama mshahara wa mwezi kwa jicho lilelile unalotazamia fedha za mwanzo. Fedha za mwanzo zinaweza kujenga nyumba, lakini mshahara ndio unaobeba michango ya uzeeni.

Hakikisha kila mwezi kwa simu kwamba michango ya NSSF imeingia. Usisubiri siku ya kustaafu ndipo uulize.

Mwisho, baki na nakala yako yenye saini za pande zote, na iwekwe nyumbani, si kwa wakala. Mgogoro ukitokea, watu wote watasema wanakumbuka walichokubaliana. Kamati itataka kuona karatasi.